Kwa Ndugu Yangu Shabani, Kuhusu Kamera ya Ndani ya Gari

Mikocheni,
Dar es Salaam.

Ndugu yangu Shabani,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Johannesburg. Sisi huku tu wazima, na Jumapili nilipita kwa mama Temeke nikamkuta ana afya njema. Anakusalimu sana na anauliza utakuja lini.

Nimeisoma barua yako kuhusu siku uliyojiandikisha kuendesha gari lako kwenye uwanja wa mbio za magari wa Kyalami. Swali lako la ununue kamera gani nalijibu mapema ili lisitupotezee muda: kamera yoyote ndogo ya aina ya GoPro inayorekodi kwa ubora wa 1080 na fremu 60 kwa sekunde inakutosha, hata kama ni toleo la miaka mingi iliyopita. Fedha itakayobaki iweke kwenye kishikio na kwenye kipokezi cha GPS, kwa sababu wewe hutafuti video ya kuwafurahisha watu mtandaoni, bali unatafuta shahidi atakayekueleza jioni, bila upendeleo, mikono yako ilikuwa inafanya nini ulipoingia kwenye kona.

Kishikio nimekwisha kukutengenezea. Lexus IS 200 yako ni Altezza hii hii iliyojaa mitaani kwetu, na usukani uko kulia kwa zote mbili, kwa hiyo niliazima gari la jirani na kuchukua vipimo vyote humo. Fundi mmoja wa Gerezani alikata bapa la alumini lenye unene wa milimita 6, akalifunga kwa vibano viwili kwenye zile nguzo za chuma za kiegemeo cha kichwa cha kiti cha abiria. Baina ya kibano na nguzo aliweka kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli ili chuma kisiteleze wala kisipige kelele, kisha akazipiga tupa pembe zote mpaka ukipitisha kidole huhisi ncha yoyote. Upande wa kulia wa bapa, ambao unaangukia katikati ya viti viwili, kuna skrubu ya robo inchi, ile ile ya tripodi za kawaida. Kamera ikikaa hapo huwa usawa wa sikio lako, nayo huona usukani, mikono yako, gia, dashibodi na barabara kwa pamoja. Tulilijaribu kwenye barabara za vumbi za ndani kule Goba, na picha ilitulia kuliko nilivyotarajia.

Najua utashawishika kutumia kikombe cha mpira cha kunyonya na kubandika kamera kwenye kioo cha mbele, kwa kuwa ni rahisi na kinapatikana kila duka. Mimi sikishauri. Kwanza, kamera iliyo kwenye kioo huona barabara peke yake, na barabara uliiona mwenyewe ulipokuwa unaendesha. Pili, kikombe cha namna hiyo hakishikwi na kitu kingine ila mgandamizo wa hewa ya nje, na huko Kyalami, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo huo ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya sita ukilinganisha na huku kwetu pwani. Kikombe kilichoshika imara kwa mtu wa Msasani kinaweza kumwachia mtu wa jimbo lenu la Gauteng akiwa katikati ya breki kali.

Kitu kingine cha kuzingatia ni urefu wa mkono unaounganisha bapa na kamera. Watu hupenda mikono mirefu yenye viungo vingi kwa sababu inaelekezwa kila upande, lakini kila kiungo ni mahali pengine pa kutikisika. Kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, hivyo mtetemo wa haraka wa injini unapoifikia lenzi, mistari ya juu na ya chini haikubaliani, na picha nzima hucheza kama uji kwenye bakuli. Hakuna programu itakayoliondoa jambo hilo vizuri baadaye. Kwa hiyo nimeweka kiungo kimoja tu kifupi, na utakapokwisha kuielekeza kamera, kaza nati kwa spana, usikaze kwa vidole.

Mwalimu wa uendeshaji akikaa kwenye kiti cha abiria, kiti kitayumba kidogo na picha itayumba nacho, hilo livumilie. Usilolivumilia ni kamera kumkaribia kichwani. Hakikisha bapa lipo nyuma ya mstari wa kichwa chake, na usiiache kamera bila ya ile kamba nyembamba ya chuma niliyoifunga pamoja na vitu vingine. Kamera ya gramu 150 ni nyepesi mkononi, lakini katika ajali ambamo gari linasimama kwa nguvu ya mara 40 ya uvutano wa dunia, huwa mzigo wa kilo 6 unaoruka ndani ya gari. Waandikie waandaaji kabla ya siku yenyewe na uombe ruhusa ya kishikio chako, kwa sababu wengi wao huvikagua asubuhi, hawapendi kamera juu ya helmeti, na wapo wanaoruhusu video lakini wakakataza kupima muda wa mizunguko.

Katika mipangilio ya kamera, zima kabisa ule utulizaji wa picha unaosifiwa kwenye matangazo. Unafuata mwendo wa gari zima, kwa hiyo kwenye kona huanza kulisogeza dashibodi huku na huku kana kwamba limelegea. Mwanga pia upimie kwenye kioo, usiupimie kwenye dashibodi jeusi. Usipofanya hivyo, kamera itajitahidi kuangaza giza la ndani na barabara yote itakuwa nyeupe, hasa jua linapokuwa mbele yako unaposhuka ule mteremko wa Mineshaft hapo Kyalami.

Memori kadi nimekununulia Kariakoo, ya gigabaiti 128 yenye alama ya V30, yaani yenye kasi ya kutosha kuandika video. Kwa kuwa sokoni zipo kadi zenye maandishi makubwa na nafasi ndogo, niliijaza yote na kuisoma upya kwa programu ya H2testw, na ni ya kweli. Ukirekodi kwa megabiti 60 kwa sekunde, saa moja itakula gigabaiti 27 hivi, kwa hiyo siku nzima itaenea humo. Umeme usikusumbue. Vipindi vya kuendesha kwa kawaida ni vya dakika 15 au 20, nawe ukiwa na betri mbili za kubadilishana huna haja ya kupitisha waya kutoka kwenye gari. Gari likiegeshwa, toa kamera uiweke kivulini.

Sauti ina manufaa kuliko watu wanavyodhani, maana mlio wa injini hukuonyesha ulipoachia mafuta na mlio wa tairi hukuambia zilikuwa karibu kiasi gani na kuteleza. Ukitakiwa kushusha vioo, upepo utaimeza sauti yote ya kamera. Weka kinasa sauti kidogo sakafuni nyuma ya kiti chako, ukifunike kwa sponji, kisha piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuondoka ili tupate mahali pa kuoanisha sauti na picha.

Nimebakiza GPS. Simu nyingi hupokea nafasi ya gari mara moja tu kwa sekunde, na kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa gari hukata mita 50 katika sekunde hiyo, kiasi kwamba mahali ulipoanza kukanyaga breki hapajulikani. Kipokezi cha nje kinachosoma mara 10 kwa sekunde hupunguza pengo hilo hadi mita 5. Kiunganishe na RaceChrono, programu ya kurekodi mizunguko, kwenye simu yako kwa Bluetooth, na ukiweke juu ya dashibodi karibu na kioo ambapo kinaiona mbingu. Hicho nunua huko huko, sikukipata hapa kwa bei ya haki.

Mzigo utaletwa na binamu yangu anayesafiri mwisho wa mwezi huu. Ukishaendesha, nitumie mzunguko wako wa kasi kuliko yote na mwingine wa wastani, pamoja na mafaili ya GPS ya yote miwili, nami nitaipanga ubavu kwa ubavu ili tuone ni kona zipi unazopoteza muda.

Msalimie sana shemeji.

Wasalaam,
Ndugu yako Idrisa