Koo Likiuma Ukiskrimu, Simama Hapo Hapo

Wateja wetu wa Malindi, na nyinyi mnaotoka Watamu na Mambrui kuja kurekodi, haya ni ya wale wanaotaka kujifunza kuskrimu, yaani kuimba kwa kunguruma na kupiga ukelele kama kwenye muziki mzito wa metali, manake siku hizi mnaulizia sana na wengi mnafika sauti imeshakauka, mmejifunza wenyewe kwa video chumbani huku mdomo umezibwa na mto ili nyumba ya pili wasisikie. Muziki wa metali tunaupenda, Nairobi kuna bendi za metali miaka mingi sasa na Duma walitoa albamu yao 2020 ikasikilizwa mpaka Ulaya, kwa hivyo hatumwambii mtu aache. Tunachosema ni hivi: skrimu iliyo sawa haiumi. Haiumi mwanzoni, haiumi kidogo, haiumi "mpaka uzoee".

Wako wanaoamini koo lazima liumie kwanza ndio likomae. Mvuvi akivuta kamba mkono unaota sugu na ile sugu inamsaidia, sawa, lakini nyuzi za sauti nazo zikigongana kwa nguvu kila siku zinaota vinundu na hapo ndipo taabu inapoanza, haziwezi kufunga vizuri tena, hewa inavuja katikati, sauti inakuwa ya upepo upepo na noti za juu zinakataa kabisa. Habari njema ni kwamba vinundu vingi vikiwahiwa vinapungua kwa kupumzisha sauti na mazoezi na mtaalamu, bila kisu. Wakati mwingine ni ukelele mmoja tu wa nguvu, mshipa mdogo unapasuka na sauti inakatika papo hapo. Ikikutokea hiyo nyamaza kabisa, usiongee hata simu, nenda ukaonwe.

Sasa ile ngurumo inatoka wapi? Ndani ya koo, pale koromeo linapochomoza, ziko nyuzi mbili za sauti, mwanamume akiongea kawaida zinatetema mara 100 na kitu kwa sekunde, mwanamke karibu 200. Juu yake kidogo kuna mikunjo mingine miwili minene, kazi yake kubwa ni kulinda njia ya hewa na kufunga kifua unapofanya kazi nzito, ndio inayotoa ule mguno ukiinua mtungi wa gesi wa kilo 13. Anayenguruma vizuri anaitetemesha ile ya juu, za chini anaziacha zisibanwe. Na si mambo ya metali peke yake, watu wa Tuva kule Siberia wana uimbaji wao wa kargyraa unaotumia mikunjo hiyo hiyo, na kina mama wa Kixhosa Afrika Kusini wana umngqokolo, sauti nzito ya kukwaruza, na wanaimba wakiwa watu wazima na koo zao nzima.

Ndio maana mgeni kwetu hatumpi maiki mwanzo. Tunaanza na pumzi, mikono kwenye mbavu, unatoa "sss" ndefu ya nguvu moja bila kifua kuanguka, alafu midomo unaitetemesha uige injini ya boti ukipanda na kushuka noti, alafu unapuliza sauti ndani ya mrija wa soda. Watu wanaona ni mchezo wa watoto lakini mrija ule unarudisha msukumo kidogo nyuma na nyuzi zinapata nafuu ya kufanya kazi bila kugongana sana. Baada ya hapo tunautafuta ule mguno wa mtungi, polepole, sauti ya chini ya kuongea, unatoa na kuacha, unatoa na kuacha. Shingo ikikakamaa mishipa ikatokeza, tunasimama. Hewa inayotakiwa ni kidogo kuliko unavyodhani, na ukimsikia mtu anayejua akiskrimu chumbani bila spika utashangaa si kelele kubwa vile, ukubwa wote ni kazi ya maiki na mtu wa mitambo. Kwa mwanzo kunguruma kwenyewe hakuzidi dakika 10, nusu saa iliyobaki ni mambo mengine, kwa hivyo usije ukasema umelipia skrimu ukaimbishwa mrija.

Tangawizi, asali, madafu, yote mnauliza. Vinywe, ni vizuri, lakini unachomeza kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi, maji yanasaidia kwa kuingia mwilini kwa hivyo yanywe tangu asubuhi sio kumimina chupa mlangoni kwetu. Mvuke wa kuvuta ndio unaofika. Muguka na sigara vinakausha, viazi karai na pilipili usiku wa manane alafu ukalala vinaleta kiungulia kinachopanda mpaka kooni. Na tafadhali sana, zile pipi za kutia ganzi msitumie kabla ya mazoezi, maumivu ni onyo na wewe unalizima.

Nawafikiria sana vijana wa animesheni mahotelini, nyinyi mnaochangamsha wageni, mchana kutwa mnapiga kelele kando ya bwawa kwenye jua, jioni mnakuja kuskrimu. Siku ya kazi ndefu njooni tufanye pumzi na mrija tu, au tuhamishe siku, hatukati pesa. Mwenye mafua pia. Na kunong'ona si kupumzika, wengi wananong'ona kwa kujibana na wanazidisha, afadhali unyamaze au uongee taratibu sauti yako ya kawaida.

Sauti ikikwaruza wiki 3 bila kurudi, hatukufundishi mpaka uonwe na daktari wa masikio, pua na koo, akuchungulie kwa kamera. Si adhabu, mafunzo yako tunakuwekea.

Vipindi vya skrimu ni alasiri mpaka kabla ya adhana ya Maghrib, majirani zetu wametuvumilia na tunataka tuendelee kuishi nao vizuri. Ukija vaa nguo isiyobana tumbo, na utuambie kwanza kama unatumia aspirini, manake inafanya damu isigande haraka na siku hiyo hatutakupa kazi nzito.