Watu wa bondeni waulizwe kabla ya mtaro kuchimbwa

Mhariri,

Mvua ya juzi usiku iliingia nyumbani kwangu Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, maji yakafika kwenye godoro. Kulipokucha nilichukua koleo nikaenda kuzibua kalavati lililo karibu na muuza chapati. Nilitoa kavera (mifuko ya plastiki), chupa za plastiki, maganda ya matoke na kandambili moja ya mtoto. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yamekwisha njiani.

Takataka zetu zimo, sikatai. Lakini maji yanayotoka vilima vya Makerere na Mulago hupitia kwetu yakielekea kinamasi cha Lubigi, na kila ua unaosakafiwa huko juu huyaongezea kasi. Mtaro wetu ulipopanuliwa, mafundi walikuja, wakapima, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza bibi jirani yangu, ambaye kwa miaka mingi ameona maji yanapoanzia kufurika. Wakaacha kalavati jembamba kuliko mtaro wenyewe!

Naomba ramani ya kazi isomwe kwenye mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kuchimba, kwa Kiluganda na Kiswahili. Nasi tuirudishe bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, tuzoe taka na tope mitaroni kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba. Koleo tunazo. Tunachokosa ni lori la kubeba tope siku ileile, kwa sababu tope likilala ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni.

Mkazi wa Bwaise,
Kampala