Tuta la uyoga kwenye bustani yako

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na swali lako linastahili jibu refu. Unataka uyoga wa kulimwa nje, bila chumba cha giza wala mifuko ya kuchemsha. Basi anza na Stropharia rugosoannulata, ule wenye kofia ya rangi ya zabibu nyeusi. Chakula chake ni mbao, huvumilia jua la hapa na pale, na haudai usafi wa maabara.

Unachodai ni vibanzi vibichi vya miti migumu. Mbao iliyokatwa ni chakula kinachogombewa: kuvu itakayotangulia ndiyo itakayotawala. Vibanzi vilivyolala mwaka mzima kwenye lundo tayari vina wenyewe, na mbegu yako, yaani nyuzi hai za uyoga unazopanda, itakuwa mgeni asiye na pa kukaa. Tafuta vya mti uliokatwa ndani ya mwezi mmoja au miwili. Misonobari na mierezi iache, utomvu wake huzuia kuvu. Unga wa mbao usizidi robo ya mchanganyiko, kwa sababu hushikamana na kuziba hewa, na nyuzi za kuvu zinahitaji kupumua. Samadi usitie kabisa. Utakaribisha uyoga mwingine unaopenda mbolea.

Tufanye tuta lako ni mita 2 kwa mita 1, kina sentimita 15. Hizo ni lita 300 za vibanzi, yaani ndoo 15 za lita 20. Mbegu iliyooteshwa kwenye unga wa mbao itatosha kilo 1, lakini ukiweza kupata 2, weka 2. Hapa si mahali pa kubana matumizi, kwani mbegu nyingi hufupisha mbio na wavamizi. Tuta dogo kuliko mita 1 ya mraba silipendi, hukauka upesi mno pembeni.

Loweka vibanzi kwenye pipa siku nzima, kisha vichuje. Ukikamata gao moja na kulibana kwa nguvu, yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Kunyunyizia juujuu hakusaidii: maji huteleza na ndani ya kibanzi hubaki kukavu. Kama vibanzi vimechanganyika na majani mabichi na lundo linafuka mvuke, subiri lipoe, maana joto hilo litaiua mbegu.

Chagua kivuli chepesi, chini ya mti au kati ya mistari ya mboga ndefu. Fyeka majani, tandika maboksi ya karatasi yaliyolowa, yenye kupishana ili magugu yasipenye. Weka vibanzi sentimita 5, tawanya nusu ya mbegu iliyovunjwa vipande vya ukubwa wa ndimu, ongeza sentimita 7, tawanya nusu iliyobaki, malizia na sentimita 3. Juu funika kwa nyasi kavu. Usikanyage, na usichanganye vibanzi na udongo.

Kusipokuwa na mvua, tuta hili linataka lita 50 hivi kwa wiki, zilizogawanywa mara mbili au tatu. Kidole chako ndicho kipimo: kichomeke sentimita 5, kikitoka kikavu, mwagilia. Likinuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana. Acha kumwagilia na ulegeze vibanzi kidogo.

Baada ya wiki nne hadi sita, fukua kidogo kwa mkono. Utakuta nyuzi nyeupe, nene kama uzi wa kushonea, zimefunga kibanzi kwa kibanzi, hata ukiinua kimoja vitatu vinafuata. Harufu ni ya udongo uliopata mvua. Ukiona unga wa kijani, hiyo ni kuvu shindani. Chota sehemu hiyo uitupe mbali. Ute wa manjano unaotambaa juu kwa kawaida unatisha kwa macho tu.

Uyoga wenyewe hutoka kati ya miezi 3 na 12, mara nyingi baada ya mvua nzuri. Vuna kofia ikiwa bado imejikunja. Ikishafunguka yote, mabuu na konokono wamekutangulia.

Sasa soma kwa makini, Zuhura, kwa sababu mbao hizo hizo huotesha pia Galerina marginata, uyoga mdogo wa kahawia wenye sumu inayoharibu ini. Dalili zake huchelewa saa 6 hadi 24, na kupika hakuiondoi. Uyoga wako una shina nene, pete yenye meno kama gurudumu la mashine, kamba nyeupe chini ya shina, na matamvua, yaani vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, yanayogeuka kutoka weupe hadi kijivu cha zambarau. Lakini usiishie kwenye macho. Laza kofia juu ya karatasi nyeupe, matamvua chini, ifunike kwa bilauri hadi asubuhi. Alama ikiwa ya zambarau karibu na nyeusi, ni dalili njema. Ikiwa ya rangi ya kutu, tupa. Na kwa mavuno ya kwanza, mwonyeshe mtu anayeujua uyoga kabla hujauweka jikoni. Upike mpaka uive sawasawa, na siku ya kwanza ule kidogo tu.

Kila mwaka ongeza sentimita 5 za vibanzi vibichi juu, kabla vya zamani havijageuka udongo. Ndoo moja ya vibanzi vyenye nyuzi inatosha kuanzishia tuta jingine, hivyo mbegu hutanunua tena.

Ukishafukua hiyo wiki ya nne, niandikie uniambie umeona nini.

Wako,
Mwanaidi