Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Dodoma, jembe likiwa mkononi

Mbukwenyi ndugu zangu! Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Heri ya Krismasi kwenu nyote: mlioko hapa mjini, mliotawanyika Dar, Mwanza na Mbeya, na ninyi mliobanana kwenye basi wiki hii kurudi kijijini na mchele, sukari na nguo mpya za watoto.

Krismasi yetu huku Ugogo inakuja wakati wa kupanda. Mtu anatoka kanisani, anakula pilau na wanawe, kesho yake alfajiri yuko shambani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Ikikukosa, huna masika wala vuli ya kutegemea. Vitabu vinasema Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini nani kati yetu amewahi kulima wastani? Tunalima mwaka tuliopewa. Kuna mwaka inanyesha vizuri Desemba, halafu Januari inakata hadi mahindi yanajikunja. Kuna mwaka inamwagika yote kwa mkupuo na kuondoka na udongo.

Watu wa Kongwa wanalijua hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mvua ikawapiga chenga, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kushikamana, karanga zikawa hazing'oleki. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Jirani zao Wagogo hawakuwa watabiri kuliko wao. Ila walikuwa hawajaweka maisha yao yote kwenye tumaini la mwaka mzuri.

Ingia jikoni kwa shangazi yangu huko Mvumi. Juu ya mafiga yananing'inia masuke ya uwele, meusi kwa moshi, hayaguswi na wadudu. Hayo ni ya mbegu, hayaliwi hata njaa ikibisha hodi. Pembeni kuna mlenda uliokaushwa, wa kula mboga za majani zitakapokwisha. Shamba lake moja liko bondeni, jingine mbali kule juu, maana mvua ya huku inaweza kunyesha kwa jirani ikakuruka wewe. Nyakati za marehemu mume wake, ng'ombe wao hawakulala wote zizi moja: wengine walikaa kwa rafiki kijiji cha mbali, na wa rafiki wakakaa kwao. Ugonjwa ukiingia huku, kule kunabaki kitu, na kunabaki mtu wa kumkimbilia. Hilo la mwisho kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Nalisema kwa sababu ya Mtunya, njaa ile ya baada ya 1917 ambayo wazee wetu walisimuliwa na wazee wao. Ukame walikuwa wameuzoea. Safari ile vita ya wazungu ilikuwa imeshachukua nafaka, ikachukua ng'ombe, ikachukua vijana kubeba mizigo. Mvua ilipokataa, wa kumkimbilia hakuwepo.

Na mambo mengine huja bila dalili tuliyozoea kuisoma. Sikukuu za mwisho wa 2009 kuingia 2010, mafuriko yalizoa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Tarehe 3 Desemba 2023, jirani zetu wa Katesh walishukiwa na tope na mawe kutoka Mlima Hanang, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wapo wanaokula Krismasi hii wakiwa na nafasi tupu mezani. Tuwaombee, na mwenye namba ya mmoja wao ampigie leo, asingoje mwaka mpya.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tuusikilize, unasaidia sana kuchagua mbegu na siku ya kupanda. Lakini hata ukisema mvua za wastani, hausemi kama wingu litapita juu ya shamba lako. Kwa hiyo vijana mnaotuma hela nyumbani, msiwasukume wazee wapande mahindi matupu kwa kuwa ndiyo yana bei. Waacheni na mtama wao na uwele wao. Na mkiona jirani amepanda mara ya pili, msimcheke wala msiseme kachelewa. Mpelekeeni mbegu.

Mimi nitakuwepo Mvumi hadi baada ya Mwaka Mpya. Shangazi ana uwele wa kutosha kuwagawia wawili watatu, na anatafuta mbegu ya mtama mweupe. Mwenye nayo tuwasiliane, nitaifuata mwenyewe. Krismasi njema, na Mwaka Mpya uwakute wazima.