Kwa kaka yangu, uliyetoka kabla ya kikombe

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu najua waliotoka si wewe peke yako. Jumapili ile nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kwenda kupokea Ushirika Mtakatifu. Ulikwisha piga magoti. Yule padri mgeni, Mwanglikana mwenzetu kutoka Uingereza, alipokabidhiwa kikombe ili amsaidie padri wetu, ukajiinua kwa kushika reli ya altare, goti lako bovu likigoma, ukapitia mlango wa pembeni. Kitabu cha Sala cha marehemu baba ukakisahau kwenye benchi, na ile gundi ya karatasi aliyoibandika mwenyewe mgongoni mwa kitabu. Ninacho mimi.

Ulimwambia shemeji huwezi kunywea kikombe kimoja na mtu ambaye kanisa lake linabariki wapenzi wa jinsia moja. Ni kweli, sinodi, baraza kuu la Kanisa la Uingereza, ilipiga kura Februari 2023 kuzikaribisha sala hizo, na mimi niliumia kama wewe. Kuhusu ndoa nasoma Maandiko kama baba alivyotusomesha sote. Ugomvi wetu uko kwenye meza ya Bwana, nani apige magoti na nani.

Wewe umeshika 1 Wakorintho 5, "msikubali hata kula naye". Nimeirudia sura hiyo karibu kila usiku. Mzinzi yumo, na pamoja naye wamo mwenye kutamani, mtukanaji, mlevi, mnyang'anyi. Kaka, mtaa mzima unamjua aliyemnyang'anya yule mjane shamba lake la michungwa. Krismasi ulipiga magoti ubavuni mwake, na kabla ya hapo ulimpa mkono wa amani. Siku ile hukutoka.

Na azimio la Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, la 1998 unalolitaja kila tunapokutana, lile lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70, tulisome hadi mwisho. Linasema matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Linasema pia kwamba kila aliyebatizwa, anayeamini na aliye mwaminifu, hata awe anavutwa na jinsia gani, ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo, na kwamba watu hawa wasikilizwe. Hilo la pili sijalisikia mimbarani kwetu hata mara moja. Wiki moja kabla hujatoka, tukinywa chai barazani baada ya misa, ulisema kwa sauti watu wa namna hiyo watupwe nje. Kuna kijana alikuwa karibu yako. Simtaji, na sijamuuliza kitu. Niliona tu ameweka chini kikombe chake kikiwa kimejaa, akaondoka. Tangu hapo simwoni.

Haya hayakuanza na sisi. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana walikutana Dar es Salaam, na 7 kati yao wakakataa kupokea pamoja na Katharine Jefferts Schori, mkuu wa kanisa letu la Marekani wakati huo, kwa ajili ya ugomvi huu huu. Jumapili wakavuka hadi Unguja, kanisa kuu la Mkunazini, ambako altare imejengwa pale panaposemwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nimepiga magoti pale, kaka. Sikupata moyo wa kutazama nani yuko kulia kwangu.

Tena mwaka 1913 Frank Weston, askofu wa Zanzibar, mtu wa UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, kama waliombatiza babu, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu ya ushirika uliofanyika Kikuyu, Kenya, pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Hasira yake ilizidi hii yako. Lakini aligomba akiwa ndani: aliandika, alishtaki, na mwaka 1920 alikuwa Lambeth pamoja na maaskofu wenzake, akiunga mkono mwito wa umoja wa Wakristo.

Ndicho ninachokuomba. Njoo ugombe. Simama kwenye halmashauri ya kanisa, useme urafiki wetu na dayosisi ile ya Uingereza ukatwe kama ndivyo dhamiri inavyokutuma. Nitakupinga mbele ya wote, mimi mdogo wako, na Jumapili twende pamoja kupokea.

Misa ya kwanza ni saa moja. Kitabu cha baba nitakiweka pale pale, upande wa dirishani.

Mdogo wako