Pimeni kilo kabla ya kuhesabu matajiri

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nimelisoma gazeti hili bila kuandika neno, hata siku ile mlipomwita fundi wa ndege utingo. Ila makala yenu ya Jumapili juu ya chopa (helikopta) za mabwanyenye wa zamani imenishinda. Picha ni ya Bell 206, maelezo chini yake yanasema Robinson R44 "yenye injini ya jeti". R44 ni ya pistoni: silinda sita za Lycoming, avgasi, yaani petroli ya ndege, karibu lita 60 kwa saa. Robinson ya tabini, yaani ya jeti, ni R66. Mtu akiwaamini, akaijaza R44 mafuta ya jeti, Jet A-1, injini itagonga na kuzimika akiwa juu ya mabati ya Kibera.

Wenye chopa mmewataja kwa majina na mashamba yao. Marubani mkawaita "madereva wa angani", basi. Nilimwona dereva mmoja wa aina hiyo kwenye uwanja wa shule Kasarani, saa nane na nusu mchana, jua la kuchoma. Mheshimiwa alifika na walinzi wawili, wote watu wa miraba minne, na katoni za fulana. R44 Raven II inaruhusiwa kilo 1,134 pamoja na kila kitu. Yenyewe tupu ni kama 700. Jaza matangi, kilo 127 zimekwenda. Zinabaki 307 za watu wanne, rubani akiwemo, viatu vikiwemo. Na hapa si Mombasa. Uwanja wa ndege wa Wilson, hapa Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 25, mapanga ya rota yanakata hewa nyembamba kama ya futi 8,000, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa haina cha kuongeza. Rubani aliinua chopa futi tatu, akatazama geji ya manifodi, inayoonyesha injini inavutwa kiasi gani, akaitua. Futi tatu kutoka chini, upepo wa mapanga bado unaibeba. Ukivuka ua wa shule msaada huo umekwisha. Akilazimisha, akauvuta wenzo wa kushoto wa kuinulia chopa, mapanga yanapunguza mzunguko, king'ora kinalia mzunguko ukishuka hadi asilimia 97, na dawa ni kushusha wenzo na kufungua mafuta papo hapo. Kushusha juu ya nyaya za stima? Akateremsha mlinzi mmoja na katoni zote. Umati ukamzomea, mheshimiwa akamtusi. Huyo hamkumwandika.

Na ile "bei ya kutupa" mliyoisifu: R44 hufanyiwa ukarabati kamili kila saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Ya miaka 11 ikiuzwa rahisi, muuzaji anajua hesabu.

Tena, kwa kuwa kalamu iko mkononi: uwanja wa Wilson umepewa jina la mama Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, lakini ukisimama nje ya ua na darubini na daftari la namba za 5Y, yaani usajili wa ndege za Kenya, askari anakuuliza umetumwa na nani. Mchoma mahindi aliye hatua mbili kando haulizwi, naye anazijua chopa zote kwa mlio.

Ombi langu: nunueni mizani ya kupimia magunia, muiweke mlangoni pa chumba cha habari. Anayetaka kuandika kuhusu chopa ajipime na kamera yake, atoe kwenye 307, ndipo apewe kompyuta. Na R44 ni ile yenye nguzo ndefu ya rota mgongoni, si ile ya picha yenu, yenye mabomba mawili ya moshi juu.

Mhesabu Mapanga,
Lang'ata, Nairobi