Mtumishi wa kufungua mlango

Bwana Mhariri,

Mwezi uliopita tuliketi watu watatu kusoma hadithi za vijana wa mtaa wetu hapa Kamalondo na kuzipa alama. Binti mmoja wa miaka 16 alikuwa amechukua novela ya Mexico, tamthilia ya televisheni inayotazamwa jioni katika nyumba nyingi, akamwandika yule mtumishi ambaye kazi yake ni kufungua mlango tu. Alimpa jina la baba, basi la usiku, deni la dukani na mtoto anayekohoa. Wenzangu hawakumaliza ukurasa wa pili. Wakasema ni kopi, wakaiweka kando.

Nimefundisha Kifaransa miaka 31, na neno hilo lilinichoma. Mwaka 1969 mshairi Aimé Césaire aliuchukua mchezo wa Shakespeare, ule wa tufani, akauandika upya. Caliban, mtumwa wa kutukanwa, kwa Césaire anaingia jukwaani na neno lake la kwanza ni "Uhuru". Neno letu la Kiswahili, ndani ya Kifaransa cha mtu wa kisiwa cha Martinique! Nani atamwita Césaire mwizi?

Na sisi wa Lubumbashi hili tumelelewa nalo. Sebule za wazazi wetu zilikuwa na mamba muntu ukutani, leo kwa mkono wa mchoraji huyu, kesho wa yule, na mwanamke ni yule yule mwenye mkia wa samaki. Sikumbuki mtu akiuliza nani alianza kumchora. Baba alisimama mbele ya picha akakagua macho, nyoka, saa ya mkononi, ndipo akatoa pesa.

Simtetei binti kwa kumhurumia. Alimpikia mtumishi wake bukari, yaani ugali wetu, nikampunguzia alama: Mexico mahindi huliwa kwa mikate myembamba, angeuliza. Kurasa zake za mwanzo hazimfai asiyeitazama novela, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Lakini tangu mtumishi anaposhuka basi, niliisahau televisheni kabisa. Kijana aliyepewa nafasi ya kwanza alitunga kisa chake mwenyewe, ni kweli, ila kila ukurasa nilijua utakavyoisha.

Naomba wenzangu waisome hadithi hiyo mpaka mwisho. Daftari liko kwangu. Jana binti alinijia kuuliza kama aendelee, maana mtumishi amepata barua na yeye mwenyewe bado hajajua imetoka kwa nani.

Mwalimu mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi